Mawe ya Nyamburi

Jumatatu, 2 Septemba 1996
Nyamburi amemaliza! Digrii! Ya samaki! Mtoto wa Makoko, mtoto wangu mimi wa darasa la nne! Amepiga simu dukani kwa Alawi, nikaitwa, nimekimbia na kanga moja. Anafika Ijumaa ya wiki ijayo, Jumamosi sherehe. Nimezunguka Makoko nzima kutangaza, Kamunyonge nako nimefika. Jirani Mwamvita, muuza mapanki, kacheka: Haya, Mama Digrii, utatulisha cheti? Nikamwambia mtakula furu na sato wa mwamba. Sangara minofu yake inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tunaachiwa mapanki, kichwa na miiba. Sherehe ya mwanangu haiwi ya miiba!

Jumatano, 4 Septemba
Nimekaa kwenye mawe ya Nyamburi, hapa ziwani. Likizo za chuo alikuwaga anashinda hapa, kichwa majini kama bata. Akitoka ananifundisha. Kule Mafia baharini kuna matumbawe — ukiona utasema mawe, kumbe yana uhai — na kila samaki ana tundu lake. Mwembamba kwenye ufa mwembamba. Mwenye meno ya kukwangua, anakwangua. Huku hatuna tumbawe, lakini mawe yetu yanafanya kazi ile ile. Sangara kawamaliza furu wa maji ya wazi. Hawa wa kwenye mawe wamepona maana mwili wa sangara haupiti kwenye nyufa. Jike anafichaga watoto mdomoni, hali chakula mpaka wakue. Nikasema huyo ndiye mama! Akacheka. Pwani wanapiga baruti, akasema. Tumbawe linabaki kokoto. Samaki anazunguka palepale, hana pa kuingia, mpaka aliwe.

Jumapili, 8 Septemba
Samaki hakuna. Sato wote wanakimbilia magari ya barafu ya viwandani. Masatu, mdogo wake Nyamburi, nyavu zake ziliibwa. Leo kutwa nzima na ndoano, karudi na furu watatu. Watatu! Mwamvita kapita: Mapanki yapo, Mama Digrii, nikuwekee? Nilivimba. Nikamwambia Masatu, leta samaki wa mwamba, sitaki kujua umewatoaje. Akaniangalia sana. Una uhakika, mama? Nikasema dada yako atasherehekewa mara moja tu.

Jumanne, 10 Septemba
Mlipuko, alfajiri. Nilidhani radi.
Clementi, rafiki wa Masatu, ndiye kamleta. Kamlaza, kaweka ndoo mbili za samaki mlangoni, kakimbia. Mkono wa kulia — vidole hakuna. Utambi wa baruti ulikuwa mfupi. Nimeosha kwa maji ya chumvi, nimefunga kwa kanga. Hospitali watataka kwanza PF3, fomu ya polisi, na polisi watauliza kilichomkata. Baruti ni jela. Anasema mwenyewe: usinipeleke, mama.

Jumatano, 11 Septemba
Nimepara samaki. Ningefanyaje? Kila jike ukimshika, watoto wanamwagika mdomoni, wadogo kama punje za uwele. Wamekufa wote. Nimekaanga.
Jioni nilikwenda kwenye mawe. Lile kubwa limepasuka. Furu mmoja anazunguka. Anazunguka tu. Nyamburi akishuka kwenye basi, hata mzigo hatui. Anaanziaga hapo.

Alhamisi, 12 Septemba
Masatu homa inamchoma. Anamwita marehemu baba yake.
Mwamvita kaingia kuleta sufuria niliyomwazima. Kasimama katikati ya nyumba. Mama Nyamburi, nini kinanuka? Leo hakuniita Mama Digrii. Nikasema samaki. Kaangalia pazia la chumba cha nyuma. Samaki nawajua, dada yangu, akasema polepole. Hawanuki hivi, na mlipuko wa juzi niliusikia. Mpeleke leo. Polisi nitakwenda na wewe, nitakusaidia kusema, tutalia wote.
Nikamwambia baada ya sherehe. Jumapili asubuhi na mapema, naapa.
Akasema: Jumapili hiyo utampeleka nani?
Kaondoka bila kuaga. Sufuria kaiacha.
Turubai limeshafungwa uani. Viti vya kanisani vimekuja, vimepangwa mpaka chini ya dirisha la Masatu. Kila nikipita naimba kwa nguvu, watu wasimsikie. Nyamburi anafika kesho. Wengine wote — wa Suguti, wa Bunda, wa Kamunyonge — Jumamosi.