Ijumaa ambayo jenereta ya Nekesa haikuniandikia

Kitengela, Ijumaa, Julai 2008. Baridi, na wingu limekaa chini tangu asubuhi. Niko kwa cyber, mbele ya kompyuta, mwili uko hapa. Sina machozi, sina hasira. Niko tu.

Wale hunisoma kwa blogu hii wanamjua binti yangu Nekesa. Niwaambie ukweli, hakuna mama hapa Kitengela ako na msichana kama huyo. Yeye huweka kengele kwa jenereta. Si kengele ya kulia. Ni kisanduku kinachunga jenereta, na ndani yake kuna laini ya simu. Stima ikipotea, mafuta ikipungua, injini ikichemka, kinatuma SMS kwa namba zote zimeandikwa ndani, na fundi anajua akiwa mbali.

Kile cha kituo cha maziwa huko Kajiado alikitengenezea juu ya meza yangu, mimi nikisonga ugali. Akaweka namba yangu ajaribu, simu ikalia. "Mama, mashine inakusalimia!" Hakuitoa tena. Kila Ijumaa asubuhi huwasha hiyo jenereta kuipima, na mimi napata SMS kwamba injini inawaka. Kanisa yote imeziona.

Tangu Pasaka, hiyo ndiyo habari yake pekee niko nayo.

Pasaka hiyo wazee wa kijana anayetaka kumwoa walikuja kwangu kutoka Kajiado, na sukari na blanketi. Nikamsifu mtoto mpaka nikapitisha kiasi. Nikasema kwa boma lao hata taa ya stima hakuna, na wangu ndiye huamrisha stima. Waliweka vikombe chini, chai ikiwa nusu, wakaenda. Nekesa akawafuata.

Hajarudi, hajapiga simu. Na mimi sijapiga, kwani nani ndiye mama? Ijumaa ikifika injini inawaka, najua yuko, amelala vizuri, ako kazini. Ilinitosha.

Leo simu ilinyamaza.

Nilingoja mpaka nikashindwa, nikapigia Sironka, askari wa hicho kituo.

"Sopa, mama! Jenereta? Imewashwa kitambo. SMS yangu imeingia, ya meneja imeingia."

"Na yangu?"

Akakohoa. "Nekesa ameitoa namba yako. Mama, usinichape mimi. Amesema ukitaka kujua kama yuko, umpigie."

"Alikuwa amekasirika?"

"Hapana. Alikuwa anaifuta polepole tu."

Nikasema asante. Nikaosha sufuria ambayo ilikuwa safi. Jirani akaniuliza habari ya injinia wetu, nikajibu yuko sawa, wateja wanamtafuta kila mahali. Mdomo ulisema wenyewe.

Namba yake niko nayo, kredit iko. Nimebonyeza, nikakata kabla haijalia. Mkono ni kama wa mtu mwingine.

Mimi ni mtu wa maneno, hata pasta anajua. Lakini neno la kwanza sina. Ile mashine ilikuwa inaniambia mtoto wangu yuko, na haikuwahi kutaka niseme pole.

Kesho Jumamosi haendi kazi. Nitapiga na nitaacha ilie. Akishika na mimi ninyamaze, Mungu, asikate.