Dungusi la Bi Tima

Mdogo wangu Salma,

Sijamwambia mtu hili. Umeuliza kwa nini dungusi la jirani yetu Bi Tima lilikufa. Nilijua litakufa, nikanyamaza.

Nyanya, anayekusalimu sana, alikuwa akingojea dungusi lake lichanue Desemba. Bi Tima akaingia bila hodi, akavunja vipande vyenye matumba. "Wewe huna mdomo, hutasema," akanicheka. Akavipanda katika mchanga wa ufukweni, wenye chumvi. Hasira ninayo hadi leo.

Lakini mmea ulikuwa na kosa gani? Vilipooza, nilimwomba Nyanya vipande vitatu, nikavikausha kivulini siku tatu, nikampelekea Bi Tima pamoja na mchanga wa mtoni.

"Shikamoo, Bi Tima," nikasema. "Siku nyingine ubishe hodi."

Dada yako,
Mwanasiti