Mahindi Chotara na Pua ya Dezire

Mjukuu wangu Aline,

Huku Kinama tu wazima, ila mama yako bado anakohoa kidogo. Unauliza kutoka Morogoro kwa nini mahindi chotara, ukizirudisha mbegu zake shambani, huzaa watoto wasiofanana. Ni kwamba sura za mababu zilizojificha hujitokeza tena, kila mche na yake.

Sisi pia tulikuwa chotara: baba Mhutu, mama Mtutsi. Wakati wa vita, mama yako akiwa mtoto bado, nilifanya kazi kwenye shamba la mbegu. Jioni moja kaka yangu Dezire alinifuata, na tulipopita Nyakabiga, mtaa uliobaki wa Watutsi tu, vijana wao wenye mapanga wakatusimamisha.

"We pita," mmoja aliniambia. "Huyu apana. Ni nani?"

"Kaka yangu. Baba mumoja, mama mumoja."

"Na hii pua aliitoa wapi?"

Alimshika Dezire kidevu, akamgeuzageuza polepole kwenye mwanga. Siku nzima nami nilikuwa nimegeuza mahindi hivyo hivyo, nikitupa yasiyofaa.

Dezire akajibu, "Ni ya bibi. Kama unaipenda, chukua. Mi inanisumbua na mafua."

Wakacheka, wakatuachia. Tulitembea taratibu, kwa sababu tuliogopa kukimbia.

Mahindi lazima uyachague, mjukuu wangu, na uyachague vizuri. Lakini hata leo mtu akinitazama usoni kwa utulivu ule, hujifunika uso kwa kitenge.

Bibi yako anayekuombea