Mtazamaji wa Mwisho

Jumamosi, Sinza

Goodluck ananificha kitu, naona. Kampuni ya kurusha harusi mubashara mtandaoni tuliianzisha wote, enzi zile ndugu walioko nje walikuwa hawalali wakitusubiri. Leo harusini Kawe kila mgeni alikuwa anarusha mwenyewe kwa simu yake. Shangazi wa bibi harusi akaniambia, "Mwanangu, sogeza hiyo kamera, unatuziba."

Nikamuuliza Goodluck kama kuna anayetutazama.

"Watu wapo, braza," akasema, mkono ameuweka juu ya kioo cha kompyuta.

Alipoenda kuchukua pilau nikachungulia. Mtazamaji mmoja.

Nikakumbuka simu yangu mfukoni. Nilikuwa nimefungua matangazo yetu ya mubashara humo ili nimchunguze Goodluck. Nikayafunga, nikachungulia tena.

Hakuna mtu.