Timazi Uliyoniachia, Baba

Baba, shikamoo.

Najua hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini siwezi kuanza kukuandikia bila kukuamkia.

Tangu tukuzike, watu wamerudi kwenye ukuta wa zahanati uliouacha umefika kiunoni. Mvua ilikuwa inakaribia, na Ndugu Mwenyekiti wa kijiji hakutaka ujenzi ulale. Baba mdogo akashika kazi yako. Timazi yako ya kupimia wima wa ukuta ilibaki kwangu, imening'inia msumarini, kile kipande cha risasi ulichokiyeyusha mwenyewe ukakifunga kwenye uzi.

Sikuweza kuigusa. Niliitazama tu, nikakumbuka yule mwalimu wa shule aliyeletwa kutoka Bukoba alivyokueleza lile neno "plamu", ulilokuwa ukifokewa nalo na msimamizi wa Kizungu kule kwenye ujenzi wa misheni. Kumbe maana yake ni wima kabisa, na limetokana na jina la madini ya risasi kwa Kilatini. Ulivyofurahi! Kilatini cha padri, kwenye kazi yako ya udongo! Akasema mabaharia nao walishusha risasi kwa kamba kupima kina cha maji, na kwamba Waingereza humwita fundi bomba "plama", kwa jina la madini hayo hayo, maana mabomba ya kale yalikuwa ya risasi. Ukasema, "Basi fundi bomba ni ndugu yangu, na hajawahi hata kunisalimia." Nilicheka mpaka uji ukamwagika.

Baba, ukuta ulipanda vibaya. Unakijua kile kiwanja, ni mteremko mtupu, na sisi tumekulia kwenye nyumba zilizochimbwa ubavuni mwa mlima. Macho yetu yameuzoea mteremko, huuona tambarare. Kila aliyepita alisema ukuta umenyooka. Mimi niliuona unainamia bondeni, nikajiambia ni macho ya msiba. Lakini mimba yangu iko miezi ya mwisho, na nitajifungulia ndani ya kuta hizo hizo.

Nikaichukua timazi, nikaenda. Nikaishusha mbele ya watu wote. Juu uzi uligusa tofali, chini ukaachana na ukuta upana wa kiganja. Baba mdogo akanitazama kwa hasira: "Mwanangu, unaniaibisha mbele ya kijiji." Nikamwambia, "Shikamoo, Baba mdogo. Shika uzi mwenyewe."

Akaushika. Akangoja risasi iache kuyumba. Halafu akapanda, akang'oa tofali la juu kwa mikono yake. Akalia, Baba. Siku ya kukuzika hakulia.

Sasa ukuta umefika kwenye lenta, juu ya milango, na umesimama. Jumapili, baada ya misa, tunakuja kukusimikia msalaba. Kaburi lako nalo liko mteremkoni, na Baba mdogo ameshaniagiza nisisahau timazi.

Pumzika, Baba yangu. Nakukumbuka kila asubuhi. Mtoto huyu akizaliwa, akaweza kushika uzi, nitamfundisha kama ulivyonifundisha wewe: kwanza ungoje utulie.

Binti yako.