Mkwe Wangu Anapika Hotelini

Jumanne, 11 Julai 1972

Mwahija jirani kaja asubuhi, hata uso sijanawa. Hoteli ya stesheni imemwalika mpishi kutoka Tanga. Jumamosi mchana atapika sahani saba, watu waonje kidogo kidogo. Tangazo limebandikwa karibu na dirisha la tiketi. Kanitajia jina la mpishi taratibu, huku ananitazama: Shaaban Sabiti.

Mkwe wangu. Mume wa marehemu Bernadina wangu.

Nikasema sahani saba za kuonja ni ujanja wa kumrudisha mtu nyumbani na njaa. Mwahija akacheka. Nikamwomba chumvi, ingawa chumvi ninayo.

Jumatano, 12 Julai

Nimefundisha upishi darasa la saba bila kusikia ninachosema. Wasichana wakaweka hamira mara mbili, unga ukafurika mpaka mezani. Sikumgombeza mtu. Wakaogopa zaidi.

Alhamisi, 13 Julai

Mwahija amepeleka vitambaa vya meza alivyoshonea hoteli. Amemwona Shaaban uani, anakuna nazi. Amekonda, anasema. Na hayuko peke yake — amekuja na mtoto. Chausiku. Ana miaka mitano sasa.

Wanarudi Jumapili, kwa treni ya saa kumi.

Ijumaa, 14 Julai

Niandike ukweli, maana hapa hasomi mtu.

Namtaka mjukuu wangu. Nataka nimwone, nimshike. Na mwenye njia ya kumfikia ni yule yule niliyemfukuza.

Bernadina alifariki Tanga, Februari ya mwaka sabini, kwa homa ya siku tatu. Simu ilinifikia Jumatatu. Nikapanda treni siku hiyohiyo, nikafika Alhamisi, nikakuta udongo umeshaanza kukauka. Alikuwa amesilimu, wakamzika kabla ya alasiri kama ilivyo kwao. Hata mama hangojwi? Sikuuona uso wa mwanangu. Nikamwambia Shaaban mbele za watu: umenificha mwanangu kama mwizi, usikanyage kwangu. Na kweli hajakanyaga.

Sijui hata mwanangu alisema nini mwisho. Anayejua ni yeye tu.

Mwahija ananihimiza twende tukale. Nikamwambia haiwezekani, kwetu Wasukuma mama mkwe hali mbele ya mkwewe, ni aibu kubwa. Akasema, "Yeye atakuwa jikoni, Mama Bernadina, wewe ukumbini. Kati yenu kuna ukuta. Huo ukuta haukutoshi?"

Nitakwenda. Nimepiga pasi gauni la bluu.

Jumamosi, 15 Julai

Nimerudi. Saa kumi sasa. Viatu bado viko miguuni.

Tulikaa meza moja na Valerian, karani wa pamba, mtu wa kujua kila kitu. Sahani ya kwanza, sambusa moja. Moja! Ya pili supu, ya kujaa kikombe cha kahawa tu. Valerian akauliza kama hiki ni chakula au ni mfano wa chakula. Ya tatu akainamia sahani: sato wa kupaka, nazi imeshika, ndimu kwa mbali. Nimefundisha upishi miaka kumi na tisa na sijawahi kutoa samaki kama yule. Nilikasirika kwamba ni mtamu. Nilikuwa nimekuja nimechukia, nikajikuta nalamba kidole kama mtoto.

Nilitupia macho mlango wa jikoni kila ulipofunguka. Mtoto sikumwona.

Pilau ikapita, kachori zikapita. Ya sita ikaja kwenye bakuli dogo, nikaijua kabla haijatua. Michembe. Viazi vyetu vya kukausha, vimepikwa kwa karanga. Mpishi wa pwani kapika michembe!

Valerian akaonja, akaweka kijiko. Karanga zimeungua, akasema, mpishi kasinzia.

Zilikuwa zimeungua kweli. Lakini mtu anayepika samaki vile hasinzii juu ya karanga. Bernadina ndiye aliyekuwa akiziunguza. Binti wa mwalimu wa upishi, kila siku karanga zake nyeusi, kwa sababu alikuwa anaimba huku anakaanga. Nimemgombeza mpaka siku anaolewa. Na huyu mume alijifunza kwake, akadhani Wasukuma ndivyo tunavyopika. Mwanangu amekufa na kosa lake bado linapikwa, kwa uangalifu, na mtu ambaye hajui kwamba ni kosa.

Nikamwambia Valerian kwamba ndivyo inavyopikwa. Nikala yangu, nikala na ya kwake. Mwahija akanipa leso chini ya meza.

Sahani ya saba sikumbuki ilikuwa nini.

Halafu mwenye hoteli akamtoa mpishi jikoni, awazungukie wageni kuwasalimu. Ukuta wangu ukaishia hapo. Watu wanapiga makofi, yeye anakuja meza kwa meza, na mimi bado nina chakula mdomoni. Ilinipasa kuinuka nitoke. Nikabaki kitini. Nikajifunika kanga usoni.

Aliponiona alisimama hatua tatu kutoka mezani. Akanigeuzia mgongo, akachuchumaa, akatazama chini. Ukumbi mzima ukashangaa, wengine wakadhani anaumwa. Mwanangu alimfundisha na hilo: kwetu ndivyo mkwe anavyomheshimu mama mkwe.

"Shikamoo mayu," akasema.

Mayu. Mama, kwa Kisukuma.

Sikuitikia. Si kwa hasira, naapa. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Akangoja. Akangoja tena. Kisha akainuka, akaenda meza nyingine bila kugeuka.

Mimi ni mwanamke mjinga. Marahaba ni neno moja tu.

Jumapili, 16 Julai

Sikwenda misa. Nimefagia ua mara mbili.

Saa nne Mwahija kapita dirishani. Shaaban yuko kwake tangu asubuhi, na mtoto. Chai hakunywa. Anasema alikatazwa kukanyaga hapa na hatakanyaga bila kuitwa. Nikamuuliza, sasa amefuata nini? Mwahija kanitazama kama vile mimi ni mmoja wa wale wanafunzi wangu wa hamira.

Saa sita kasoro. Hodi. Nikafungua — mtoto peke yake. Kavaa viatu vyeupe, nywele kasukwa vibaya, kazi ya mwanamume. Paji la uso ni la kwangu. La kwangu kabisa! Akaniamkia, nikaitikia, sauti ikatoka. Nikamshika mabega. Yana joto. Hakuniogopa.

Kisha akasema alichotumwa: baba anauliza kama anaweza kuja, ana maneno ya mama ya kukuambia.

Maneno ya mama. Miaka miwili na miezi mitano nimeyataka, na sasa yako nyumba ya pili. Nikiyasikia, basi, hakuna mengine yatakayokuja tena.

Nimemkalisha kwenye mkeka. Nimemwambia angoje kidogo, bibi anaandika. Anachezea kifuniko cha wino. Nimemuuliza kama baba yake amekaa kivulini. Anasema hapana, amesimama barabarani, juani, anatazama mlango huu. Naweka kalamu, nakwenda kumwita.