Chupa za Baba Anisa

Baba Anisa,

Nimepanda gari la asubuhi kwenda Lodwar, kwa dada yangu Habibo pale Nawoitorong, kumwomba miche. Chai yako iko kwenye thamosi. Ulitoka kwenda msikitini bila kuinywa, na najua ni kwa sababu ya mdomo wangu.

Lakini na wewe! Nani anang'oa ua wa miiba hapa Kakuma, eti unaharibu sura ya bustani? Mbuzi wa jirani walikuwa wakingoja siku hiyo tu. Sukuma wiki yangu yote imebaki vijiti.

Rudisha miiba leo, kabla mbuzi hawajarudi kutoka malishoni. ~~Na hizo chupa ulizozipanga chini uzing'oe zote, sitaki kuziona.~~

Hapana, usiziguse. Nilipomaliza kuandika hayo nilienda kuzing'oa mwenyewe. Jua likazipiga, zikang'aa, ndipo nikaona mstari unakoelekea: kutoka mlango wa jikoni kwenda bombani, njia ninayopita kila siku na ndoo. Kumbe ulikuwa unanipambia njia. Sasa si ungesema, mwanamume wewe, badala ya kuniacha nipige kelele?

Mizizi haijafa, nimechimbua nikaangalia. Wewe na Anisa mkitawadha, tawadhieni pale penye mboga, msimwage maji bafuni.

Kesho nitarudi na miche. Na chupa tupu za Habibo pia, maana mstari wako umeishia katikati, na bomba bado liko mbali.

Mama Anisa